Molekuli Iliyogawa Upesi Mno

Lotfi alikiweka kichupa juu ya meza ya Emna kama mtu anayemrudishia jirani paka wake aliyekufa. Unga uliokuwamo ulikuwa umegeuka kahawia.

"Jana ulikuwa mweupe," alisema. "Haujaonja hata tone la mafuta. Dokta, afadhali ungemwendea yule mama anayetabiri kwa mashapo ya kahawa. Yeye angalau anakupa na kahawa yenyewe."

Emna hakucheka. Alikuwa mkemia asiyelowesha mikono: kazi yake chuoni Sfax ilikuwa kuchora molekuli kwenye kompyuta na kuiuliza kila moja ingeachia hidrojeni yake kwa urahisi gani; kuzitengeneza maabara ilikuwa kazi ya Lotfi. Mafuta huchacha kwa unyang'anyi. Chembe moja ikiporwa hidrojeni humpora jirani, naye humgeukia wa pili, hadi mtungi mzima unanuka. Molekuli aliyoitafuta ingempa mporaji alichokitaka, na ugomvi ungeishia hapo. Alianzia kwenye kile kinachoufanya mzeituni uwe mchungu, akawa anabadilisha atomu moja huku, nyingine kule.

Alipokuwa mtoto, kila kiangazi kilipokaribia kwisha, mama yake alikaanga madirisha yakiwa yamefungwa, majirani wasisikie harufu ya mafuta yake yaliyochacha. Emna hakuwahi kumweleza mtu kwamba utafiti wake ulianzia katika moshi ule.

"Malighafi iliyobaki inatosha aina moja tu ya molekuli," Lotfi alisema, sasa kwa upole. "Na mimi mwisho wa mwezi nahamia kazi nchi za Ghuba. Chagua, dada'angu."

Mtu mwingine wa kumtengenezea hakuwepo. Hii nayo ikifa, kazi yake yote ingebaki michoro.

Jioni hiyo alimkuta mama yake, Bi Nejia, amesimama mlangoni na debe la mafuta mapya, akimjazia jirani bakuli.

"Mama! Debe tumelitoa kinuni leo asubuhi, na sasa limebaki nusu?"

"Mtu amesimama na bakuli lake, nimfukuze?"

"Yule hana shida, mama. Alikuwa anapita tu!"

"Basi na wewe pita na bakuli, nitakujazia."

Emna akacheka, kisha akalikodolea macho debe. Alikuwa ameisifu ile molekuli kwa ukarimu wake. Hakuwahi kuiuliza ingempa nani. Oksijeni ya hewani, inayopita zake tu, ilikuwa imeikomba ingali ndani ya kichupa.

Kesho yake alizihoji upya molekuli zote, safari hii kuhusu mpita njia. Zile alizozipenda zikaanguka moja baada ya nyingine. Iliyosimama ilikuwa chini kabisa ya orodha, moja aliyoipuuza tangu mwanzo kwa kuwa na mkono mgumu kidogo.

Lotfi, mzaliwa wa Gafsa aliyezoea kuwatania watu wa Sfax kwa ubahili, aliutazama mchoro, akapiga mluzi. "Bahili huyu! Huyu ni Msfaksi kabisa."

"Ndiyo maana atafika kwenye mafuta na mzigo wake. Tengeneza."

"Ikigeuka kahawia?"

"Utakwenda zako Ghuba ukinicheka. Tengeneza, Lotfi."

Alitengeneza. Unga ukalala mweupe, ukaamka mweupe. Akatia kidogo katika chupa ya mafuta, akaiweka kwenye tanuri la maabara pamoja na chupa nyingine isiyotiwa kitu, joto likaachwa lifanye kwa siku chache kazi ya kiangazi kizima.

Emna alipoitwa, vitabu vya Lotfi vilikuwa tayari ndani ya maboksi. Alinusa chupa isiyotiwa kitu, akarudisha kichwa nyuma: harufu ya rangi kuukuu ya mlango. Akainama juu ya ile ya pili. Harufu ya jani bichi lililovunjwa kwa vidole. Akanusa tena, taratibu, akiwa amefumba macho.

"Sema basi," Lotfi alihimiza. "Mimi nimenusa mara nyingi mpaka siiamini tena pua yangu."

"Haijachacha."

"Haijachacha," alirudia Lotfi. Akalisogeza boksi moja kwa mguu, akavuta kiti. "Kule niendako nako kuna maabara ya kukutengenezea. Kaa hapa, unichoree bahili mwingine."