Goti la Binti Yangu Mkubwa

Mwaka huo binti zangu wawili walichaguliwa pamoja kwenye timu ya netiboli ya kata. Mkubwa alikuwa darasa la saba, mfungaji. Mdogo alikuwa darasa la tano, naye alicheza ulinzi. Tuliishi mtaa wa Kamunyonge na mimi nilikuwa nauza dagaa soko la Mwigobero. Baba yao alikuwa anavua samaki huko Kisorya, akija nyumbani mara moja moja.

Mwalimu wa michezo alituita wazazi shuleni. Alisema timu itapiga kambi Butiama wiki nzima kwa ajili ya mashindano, kila mzazi achangie chakula na nauli, anunue jezi, na mtoto awe na raba. Kwa mtoto mmoja ilifika elfu arobaini na tano, raba hazijahesabiwa. Niliuliza kama mwenye watoto wawili anapunguziwa.

"Mama, hata mimi natoa mfukoni," alinijibu. "Hela ya michezo ikija shuleni inatosha mipira tu."

Sikumlaumu. Viatu vyake mwenyewe vilikuwa vimeshonwa mara mbili.

Wiki ile mvua ilininyeshea dagaa kabla hawajakauka. Nikawauza kwa bei ya chakula cha kuku. Kufikia Jumatano nilikuwa na hela ya mtoto mmoja, na sikujua nitamwambia nani abaki.

Jioni hiyo mkubwa alirudi kutoka mazoezini akichechemea.

"Mama, goti linaniuma. Siwezi kwenda Butiama."

Nilimkanda kwa maji ya moto na chumvi. Nikiri kwamba wakati namkanda, moyo wangu ulikuwa umetulia. Kesho yake nikamlipia mdogo, nikamnunulia na raba za mtumba.

Jumamosi gari la timu liliondoka asubuhi. Mchana nilirudi kutoka sokoni mapema, nikamkuta mkubwa uani anaruka kamba na watoto wa jirani. Aliponiona akaiachia kamba.

"Goti limepona?"

"Limepona."

"Lini?"

"Halikuwaga linauma, mama."

Nilimwuliza kwa nini alinidanganya. Alisema, bila kulia, "Ungemwacha yeye, angesema unanipenda mimi. Ungeniacha mimi, ungekuwa unaniangalia kwa aibu wiki nzima, kama wewe ndiye mwenye kosa."

Nikaingia ndani nikavua khanga ya sokoni, nikakaa kitandani kidogo, kisha nikampigia simu mwalimu nimweleze. Hakushangaa.

"Nilijua, mama. Aliniomba ninyamaze. Nafasi yake nimeshampa mwingine."

Timu ilitolewa mechi ya pili. Mdogo alirudi na ukucha uliong'oka, akasimulia siku tatu mfululizo jinsi walivyokula wali kila mchana. Dada yake alimsikiliza, akamwuliza nani alifunga mabao. Mimi nilikuwa nachambua dagaa, sikuinua uso.

Sasa mkubwa yuko kidato cha tatu. Hachezi tena. Nilimwuliza mara moja, akasema siku hizi anapenda kwaya ya parokia, maana sare yao inashonwa mara moja tu. Mdogo bado anacheza, na mwaka huu amechaguliwa timu ya wilaya. Kambi yao itakuwa Bunda. Nimeanza kuweka hela mapema, na baba yake nimemwambia naye aanze.