Mthamini alisema kaburi la mwanangu linashusha bei ya nyumba

Admin, jina langu usiliweke, shemeji zangu wote wanafuatilia ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka 37, naishi huku Pangani na mume wangu na watoto wetu wawili. Walikuwa watatu. Wa kwanza alifariki kwa homa akiwa na miaka minne, tukamzika hapa hapa uani, nyuma ya jiko, kwa sababu wakati ule eneo lote lilikuwa shamba la wakwe zangu na hakuna aliyefikiria kuuza.

Mwaka huu mume wangu akataka tuuze nyumba tuhamie Horohoro, akafanye biashara pale mpakani. Sikubisha. Akamleta mthamini atuambie nyumba inafaa bei gani. Yule kijana alipima vyumba, akagonga kuta, akaangalia bati, akauliza habari za hati na maji. Tulipofika uani akasimama kwenye mawe mawili.

"Mama, hapa pana nini?"

"Mwanangu."

Akanipa pole. Kisha akamwambia mume wangu kwamba mnunuzi lazima aambiwe, na wengi wakisikia kaburi wanaondoka, kwa hiyo bei itashuka karibu nusu. Tangu siku ile mume wangu akawa akipita uani analitazama lile kaburi kwa chuki, kana kwamba mtoto amemkosea.

Nikamwambia, "Basi tumhamishe, tukamzike makaburini."

Akanijibu, "Tuombe kibali, mji mzima ujue? Mnunuzi ataambiwa njiani kabla hajafika."

Nikaenda Maramba siku nne kumuuguza mama yangu. Kurudi, nakuta uani kote kumemwagwa zege. Mawe hayapo. Nilipiga yowe mpaka majirani wakatoka. Mume wangu akanivuta ndani: "Nyamaza! Ile mifupa itakusaidia nini?"

Nikamkimbilia mama mkwe, maana alimbeba mgongoni mtoto yule. Alikuwa anakuna nazi, hata kichwa hakuinua. "Umezaa wengine wawili," akasema. "Waache hao wapate kula."

Akaletwa mthamini mwingine, asiyejua kitu. Akalikanyaga lile zege, akalisifu, akasema hapa magari mawili yanaegeshwa bila shida, na bei akaipandisha. Mume wangu akafurahi, akaniagiza nimletee mgeni juisi. Nikaleta.

Wiki iliyopita alikuja mnunuzi, mama mmoja mwalimu, mpole sana. Nyumba ameipenda. Tuliposimama uani akaniuliza, "Dada, mbona zege la hapa ni jipya? Palikuwa na shimo la choo nini?"

Mume wangu alikuwa mlangoni ananitazama.

Nikasema, "Hapana dada, hapakuwa na kitu."

Jamani, mdomo wangu mwenyewe. Nimembeba tumboni miezi tisa, nimemwosha maiti yake, halafu nimesema hapakuwa na kitu.

Jumatatu tunakwenda kwa wakili, na mimi kama mke lazima nitie saini. Mume wangu ameapa nikifungua mdomo ananiacha, na watoto sitawaona. Nikitia saini, mwanangu ataegeshewa magari na watu wasiojua hata kama aliwahi kuzaliwa.

Wazazi wenzangu, msinitukane, nambieni tu: mngekuwa mimi, hiyo kalamu mngeishika?