Firigisi ya Yasinta

Msimwone Yasinta anacheka na wateja mkadhani hana lake moyoni. Mimi Agnes ndiye mpishi hapa kwa Alute, jirani na stendi ya Singida, na namjua. Huyo dada anayewasifia kuku mpaka mate yanawajaa, nyama haipiti kooni mwake.

Hapa kwetu mteja anachagua kuku akiwa hai. Mhudumu anakwenda bandani, anamkamata, anambeba kwapani mpaka mezani, mteja akimkubali ndipo analetwa kwangu. Akishaiva, mhudumu yuleyule anampeleka kwenye sinia. Siku moja Yasinta akaniambia, "Da Agnes, nausikia moyo wake unadunda mbavuni kwangu. Nitamtafunaje?" Nikamcheka. Nilidhani yatapita, hayakupita. Huu mwaka wa pili anakula ugali na mlenda wake.

Alute, bosi wetu, alipojua akang'aka: "Mhudumu asiyekula kuku atamuuzia nani? Ukiulizwa, unakula!" Basi binti wa watu akawa anakula kwa maneno.

Balaa lilianzia kwao Kiomboi. Baba yake, mzee Yeremia, aliyefiwa na mkewe zamani, alioa tena, mama mmoja mpole anaitwa Yustina. Yasinta akaenda kumsalimia mama mdogo kwa mara ya kwanza, akachinjiwa jogoo. Akamega ugali, akachovya mlenda, jogoo hakumgusa. "Nimeshiba," akasema. Nimeshiba! Mtu katoka kwenye basi, hana hata karanga tumboni! Aliona aibu kusema ukweli, eti watamcheka. Sasa nawauliza, binti mkubwa akikataa chungu cha mama wa kambo, watu wanaelewa nini? Wanaelewa anaogopa kuwekewa kitu. Majirani wakaanza kunong'ona, Yustina akawa hatoki nje, na mzee akamwambia binti yake asikanyage tena pale mpaka atakapokiheshimu chungu cha nyumba ile.

Alilia hapa jikoni mpaka na mimi nikalia. Mwisho akampigia baba yake simu, akamwambia wazi, "Baba, mimi nyama sili kabisa, si kwenu tu." Mzee akakata simu. Kumbe alikata shauri la kuja kujionea mwenyewe.

Akaingia hapa kwetu kimya, akakaa kona, kofia usoni. Yasinta hakumwona, alikuwa anamhudumia dereva wa lori. Dereva akamuuliza, "Na wewe mrembo unapenda kipande gani?" Alute yuko pale kaunta, masikio wima.

"Mimi? Paja, kaka! Silali bila paja!"

Watu wakacheka. Mzee akainuka.

"Shikamoo, baba," Yasinta akasema, sinia mikononi.

"Kumbe nyama za wengine unakula," mzee akajibu. Marahaba hakuitika.

Nilimkimbilia mpaka stendi, mwiko mkononi. Wapi! "Nimesikia kwa masikio yangu, mama," akaniambia, akapanda basi. Jamani, mpaka leo najuta kwamba sikumvuta shati.

Basi Yasinta akaamua atakula, yaishe. Nilimkataza, nikamgombeza, hakusikia. Jumapili akaenda Kiomboi, akapiga magoti, akaomba msamaha. Yustina akapika. Mzee akachukua firigisi, fungu lake mwenyewe baba mwenye nyumba, akamwekea bintiye kiganjani. Yasinta akaitafuna mpaka ikaisha, akamalizia na paja. Mzee akafurahi mno. "Sasa nina nyumba," akasema.

Lakini tumbo lililosahau nyama halibembelezwi. Akaaga kwamba anakwenda kunawa, akazunguka nyuma ya nyumba, akatapika yote. Aliponyanyua kichwa, Yustina alikuwa amesimama pale na beseni la vyombo.

"Mwanangu," Yustina akamwambia taratibu, "kama unaniogopa kiasi hicho, si ungesema tu nionje kwanza?"

"Mama, haki ya Mungu, mimi sili nyama."

"Nimekuona ukila," Yustina akasema, akaingia ndani na beseni lake.