Nilimjengea Baba Choo Asichoweza Kuingia

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili msidhani nimekuja hapa kulaumu fundi, au mvua ya Kericho, au bei ya simiti, ingawa hao wote nina maneno nao. Kosa ni langu mimi, mwanamume mzima niliyerudi shule ya jioni nikiwa na miaka thelathini na tisa, nikapata cheti cha kidato cha nne, halafu nikashindwa na mtihani wa choo!

Mimi ni Mkisii, lakini nimeishi huku kwenye majani chai tangu ujana wangu. Nafanya kazi kiwandani, pale majani yanaponyaushwa. Nina shamba dogo na nyumba ya vyumba vitatu, kuta za udongo zilizopigwa simiti juu. Choo chetu kilikuwa kule chini, mpakani na chai, cha shimo, cha kuchuchumaa. Kukifikia ni mteremko. Na mvua ya huku, ambayo hunyesha kila alasiri kama mtu anayelipwa mshahara, huugeuza mteremko huo kuwa sabuni. Hata kuku wetu hushuka wakishika breki.

Sasa, baba yangu, tunayemwita Tata, aliugua magoti. Daktari akasema anahitaji mazoezi ya miguu hospitalini, mara tatu kwa wiki, miezi mitatu mfululizo, la sivyo siku moja atakuwa wa kubebwa. Hospitali yenyewe iko karibu na kwangu. Familia ikaamua akae kwangu, tukamtayarishia chumba cha nje, kile cha mabati kando ya jikoni.

Cha nje, kwa sababu kwetu baba halali ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Atakaa sebuleni, atakunywa chai, basi. Chumba anacholala mwana na mkewe hakanyagi hata nyumba ikishika moto. Heshima hiyo tunaiita chinsoni. Hakuna Mkisii asiyeijua. Nami naijua! Nisimdanganye mtu hapa.

Dada yangu mkubwa akachangisha ndugu wote, kisha akanipigia simu.

"Wewe ndiye uko karibu, na sasa umesoma," akasema. "Mjengee Tata choo ya kukaa, hapo tu kando ya mlango wake. Weka chuma ya kushikilia. Usituletee mambo mingi."

"Dada, hiyo imekwisha," nikamjibu.

Pesa zikaingia. Na shetani wa taili naye akaingia nyuma yake!

Maana Jumapili hiyo hiyo tulialikwa kwa mwenzangu wa kiwandani, jamaa wa boila aliyetoka upande wa ziwani. Alikuwa amejenga bafu ndani ya chumba chake cha kulala. Choo cha kukaa, shawa ya maji moto, taili nyeupe kutoka sakafuni hadi darini. Wageni walipanga foleni kuingia kutazama, polepole, mikono nyuma, kama wanaotazama maiti ya chifu. Zamu yangu ilipofika, jamaa akanishika bega mbele ya watu wote.

"Msomi! Wewe bado unashuka mlima na tochi mdomoni?"

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Lakini ndani niliungua, jamani! Niliungua hadi nikanusa moshi.

Tulipofika nyumbani nikamwambia mke wangu, Mama Kerubo, kwamba choo cha Tata tutakiweka ndani, chumbani kwetu, tupige ndege wawili kwa jiwe moja.

Akaniangalia kama mtu anayeangalia sufuria inayochemka bila maji. "Baba Kerubo, na Tata ataingiaje humo? Apite kando ya kitanda chetu? Apite kwenye nguo zangu?"

"Siku hizi dunia imebadilika," nikamwambia. "Atazoea."

Hilo neno, *atazoea*, ndilo lililonimaliza.

Nikaleta fundi kutoka Kedowa. Akagonga ukuta kwa kidole, akagonga tena, akatikisa kichwa. "Mzee wa kazi, hii ukuta ni udongo. Taili haitashika. Itaanguka yote."

"Basi bomoa, tujenge wa matofali."

Akabomoa. Ukuta ulipoondoka, bati likainama kama kofia ya mlevi. Tukanunua mbao. Tulipochimba shimo la maji machafu tukakutana na mwamba, mwamba ambao naamini umeshikilia Kericho nzima isidondoke! Vijana wawili waliugonga siku tisa. Halafu choo cha maji kinataka maji, kwa hiyo tukanunua tangi. Tangi linataka mnara. Shawa inataka waya wake peke yake, waya mnene kama mkia wa ng'ombe. Na tukizungumza juu ya ng'ombe, naye aliondoka. Kila nilipoenda kwa duka la vifaa vya ujenzi, mwenye duka alikuwa ananivutia kiti.

Mchango wa ndugu zangu uliisha hata kabla ya taili ya kwanza. Bonasi ya chai ya mke wangu, aliyoichuma kwa vidole vyake mwaka mzima, ikafuata. Nilimwambia ni kwa ajili ya Tata. Naomba msamaha kwake hapa, mbele yenu.

Siku ya kupiga taili za mwisho, fundi alisimama mlangoni, akaangalia kitanda, akaangalia choo.

"Lakini si ulisema hii ni ya mzee wako?"

"Ndiyo."

"Sisi Wakipsigis hatungeweza. Nyinyi mnaweza?"

"Fundi, wewe piga taili!" nikamfokea.

Akapiga taili.

Kisha nikafanya lile baya zaidi. Nikapiga picha. Nilijikunja kwenye pembe ili kitanda kisionekane, nikapata choo kikimetameta na kipande cha taili, nikaituma kwa ndugu zangu na maneno haya: *Choo cha Tata kimekamilika.* Dada yangu akajibu kwa maua na mikono ya kuomba. Ndugu wa mwisho akaandika kwamba mimi ndiye mwana wa kweli. Nilisoma yale maneno mara kumi, nikanenepa kidogo.

Tata akafika na fimbo yake na begi moja. Tukamkaribisha sebuleni. Nikamwambia kwa furaha, "Tata, choo kiko ndani. Cha kukaa. Maji moto!"

"Ndani wapi?"

"Hapo tu. Unapitia chumbani."

Akaangalia pazia la mlango wa chumba chetu, kisha akaangalia fimbo yake. Mke wangu aliinama kuokota kitu ambacho hakikuwa kimeanguka.

"Sawa, mwanangu," Tata akasema. "Asante."

Hakuingia. Siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima. Sikumwuliza. Nilijiambia atazoea.

Jambo la ajabu likaanza. Tata akakataa chai. Jamani, mtu aliyekuwa akinywa chai kama lori linavyokunywa dizeli! Akimiminiwa kikombe, anakunywa funda moja, anakiweka chini. Uji, vivyo hivyo. Supu, anakula nyama anaacha mchuzi.

"Baba Kerubo, mzee hanywi kitu," mke wangu akaniambia.

"Ameringa. Kwake chai ilikuwa na maziwa mengi."

"Ni wewe unaringa," akanijibu, akaondoka na kikombe.

Katika wiki ya tatu, Tata alianguka hospitalini, kwenye foleni ya mazoezi. Hakuteleza wala hakugongwa. Alikunjika tu, polepole, kama shati linaloanguka kutoka kwenye kamba. Wakamlaza, wakamtundikia maji. Nesi mmoja mwenye macho makali akamwinamia.

"Mzee, unakunywa maji?"

"Nakunywa."

"Mara ya mwisho ni lini?"

Tata akafikiri. "Jana asubuhi."

"Kwa nini? Unakatazwa?"

Mimi nilikuwa nimesimama pale, nikishika fimbo yake. Aliniangalia kidogo tu. Kisha akamwambia nesi, "Choo iko mbali kidogo."

Mbali kidogo! Hakusema mwanangu ameiweka chumbani kwa mke wake. Hakusema naogopa kuteleza. Alisema mbali kidogo, kama mtu anayezungumzia kanisa. Mzee wa watu alikuwa amejikausha kama jani la chai ili asipate haja!

Walimruhusu siku iliyofuata, nikamrudisha. Asubuhi yake nikaenda na chai chumbani kwake, hayumo. Nikaona matundu ya fimbo yake kwenye matope. Hayakuteremka kwenye choo chetu. Yalipita kwenye pengo la ua, yakaingia kwa jirani yangu, Baba Chepkoech.

Baba Chepkoech ni Mkipsigis wa makamo, ana ng'ombe wanne na maneno machache. Nilimkuta amesimama mbele ya choo chake, kibanda cha mbao, ameshika mwavuli na huku mvua yenyewe haijaanza. Alikuwa anasubiri.

"Chamgei, jirani," akanisalimu. "Mzee yuko ndani. Usimharakishe."

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Tata alipotoka niliona. Jirani yangu alikuwa amechukua kiti cha plastiki, akakitoboa tundu katikati kwa msumeno, akakiweka juu ya shimo. Kando ya ukuta alikuwa amepigilia fito mbili za mkaratusi za kushikilia, amezikwangua gome zisimchome mzee. Njia yote kutoka kwenye ua alikuwa ameimwagia changarawe.

Hicho ndicho choo alichoniagiza dada yangu. Ndicho hicho! Kwa kiti kimoja, fito mbili na misumari.

"Baba Chepkoech," nikaanza, "tangu lini...?"

"Hii ni wiki ya pili. Anakuja mara moja tu, asubuhi. Namwambia aje hata mchana, anasema hataki kusumbua." Akakunja mwavuli. "Nilifikiri unajua. Mzee alisema choo yako bado inajengwa."

Tata alikuwa amesikia. Alipita katikati yetu akishika fimbo yake, akasema bila kunitazama, "Si bado inajengwa?"

Nilikosa pa kuweka uso. Kile kikombe cha chai nilikuwa bado nakibeba, kimepoa mkononi.

Dada yangu alipopata habari ya hospitali alikuja. Akasalimia, akaomba aone choo. Mke wangu akafungua pazia. Dada akaingia, nikasikia hatua zake zikisimama kwenye taili. Alikaa humo muda wa kuimba wimbo mzima wa kanisa na kibwagizo chake. Alipotoka aliniuliza jambo moja.

"Ile picha, ulisimama wapi?"

Nikamwonyesha pembe.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Alimfungia Tata begi, akamshukuru Baba Chepkoech kwa mikono yote miwili, akamchukua mzee kwake, mbali na hospitali, miezi miwili ya mazoezi ikiwa bado. Huko alikopelekwa hakuna mazoezi ya karibu. Leo Tata anatembea na fimbo mbili. Alikuja kwangu na moja.

Na lile bafu? Taili zimeanza kuachia upande wa udongo uliobaki. Shawa ilinichapa umeme mara moja, nikaruka nikatoka nje na povu, kuku wakashuhudia. Mke wangu hulitumia kuweka viazi. Anasema viazi haviogopi kupita kando ya kitanda.

Mwezi uliopita nilijenga upya, mimi na Baba Chepkoech. Kando ya mlango wa chumba cha mabati, hatua sita. Choo cha kukaa, vyuma viwili vya kushikilia, bati, changarawe. Tulimaliza kwa siku nne na tukabakisha misumari. Nikampigia dada yangu simu, nikamwambia kile cha kweli sasa kimekamilika, nimtumie picha?

"Picha zako hapana," akasema. "Nitamwuliza Tata kama anataka kurudi."

Bado nasubiri jibu. Kila asubuhi nafagia ile njia.

Ndugu yangu unayesoma hii, labda nawe una mzee anayekuja, na una pesa ya watu mfukoni, na umeona taili za mwenzako zikakuchoma roho. Nakusihi! Kabla hujabomoa ukuta, kaa na yule utakayemjengea, mwulize atapitia wapi. Akinyamaza, usijaze wewe jibu. Na mzee akikataa chai kwako, usiseme ameringa, angalia njia ya choo.

Na ukimaliza, weka simu mfukoni. Mwite mwenye choo aje akikalie kwanza.