Baba Yangu Kwa Redio, Leo Mmesikia

Wale mmenicheka miaka yote, leo baba yangu ameongea kwa redio!

Stesheni yetu imecheza kanda za miaka ya hamsini, mwomboko tupu, ile dansi ya Wakikuyu ya akodioni na chuma cha kugonga. Nikaita mtaa wetu wa Kimbo mzima dukani kwa Mama Njeri, nikafungulia sauti mpaka mwisho.

Mtangazaji wa zamani akasema: "Akodioni ni Kariuki wa Thika. Anayegonga chuma ni Mwangi wa Ruiru."

Mwangi ndiye baba.

Na mimi nimewaambia miaka yote akodioni ilikuwa yake! Duka lote likacheka.

Kabla nijitetee, baba mwenyewe, kwenye kanda hiyo hiyo, akamkatiza mtangazaji: "Bwana, sema vizuri. Bila hiki chuma, hiyo akodioni ni upepo tu!"

Mama Njeri akafuta machozi ya kicheko. "Ai! Huyo ni baba yako. Hata damu isipimwe."

Mwenye swali aandike hapa chini.