Kizibao Kisicholia

Nikinusa moshi wa korosho zinazochomwa, popote nilipo, kidole changu cha shahada huanza kuwasha. Mwezi uliopita nilirudi Mtwara kwa arobaini ya bibi yangu, na kabla hata sijaingia uani kwetu Shangani, kulikuwa na mtu anachoma korosho kwenye bati jirani. Nikajikuta nimekificha kidole hicho ndani ya khanga, mtu mzima mimi, mama wa watoto wawili. Ngoja nikueleze sababu, ingawa hadithi yenyewe hainipambi hata kidogo.

Bila shaka unaikumbuka ile miaka ya gesi, ilipogunduliwa baharini kwetu. Kila mwenye kiwanja alikuwa anajenga gesti, na wengi waliishia kwenye lenta, juu tu ya madirisha. Nyuma ya nyumba yetu palibaki pagale kubwa, lililoezekwa lakini lenye vyumba kumi na viwili visivyo na milango, penye kiza kidogo hata mchana, na sisi watoto tukaligeuza letu. Jirani yetu mmoja, tuliyemwita anko, alikuwa fundi umeme kwenye meli za kutafuta gesi. Desemba moja alirudi likizo na sanduku: bunduki nane za leza, za plastiki, na vizibao vinane. Kila kizibao kilikuwa na kioo kidogo kifuani. Mwanga wa bunduki ukikigusa, kizibao kinatetemeka na kupiga kelele. Kikilia mara tatu umekufa, unatoka nje kula mabibo chini ya mikorosho ya nyuma na kutazama wenzako.

Anko akatuandalia mashindano ya siku tano, Shangani wanne kwa wanne wa mtaa wa Chuno, kila siku baada ya alasiri. Watakaoshinda siku nyingi wangekaa na sanduku zima mpaka likizo yake nyingine. Hebu fikiria, sanduku lile, uvunguni kwako. Wiki ile sikula vizuri, na mimi si mtu wa kukataa chakula.

Nahodha wetu alikuwa binti wa nyumba ya nyuma, ng'ambo ya pagale, rika langu, miaka kumi na moja. Yeye na mama yake walikuwa wakibangua korosho za watu, za bibi yangu zikiwemo. Walijipaka majivu mikononi ili mafuta ya maganda yasiwababue, lakini weusi wa mafuta hayo ulikuwa hautoki kwa sabuni wala kwa mchanga. Alikuwa na mbio, na alikuwa na akili ya mchezo. Alinipanga dirishani na kuniambia nisitoke mpaka aniite. Mimi nilikuwa mzito, na kila siku nilikuwa wa kwanza kufa. Wenzangu waliniita Gunia. Nilicheka nao, kisha nikaenda kulia chooni.

Siku ya nne tulishindwa kwa sababu yangu. Nilitoka dirishani kabla ya kuitwa. Tukawa mbili kwa mbili. Nahodha hakunigombeza. "Kesho usiwahi kufa, basi," alisema, kwa upole kabisa. Upole ule uliniuma kuliko Gunia.

Asubuhi ya siku ya tano bibi alichoma korosho, na mafuta meusi mazito yakadondoka chini ya bati. Niliyakinga kwenye kifuniko cha soda, nikachanganya na masizi ya chungu. Jioni nahodha alipotugawia vizibao, nilijificha chumba cha mwisho nikakipaka kioo changu kwa kidole. Halafu nikaanza kuishi. Nilipita katikati ya vyumba kama mwenye gesti, napiga watu, nasikia vizibao vyao vikilia. Mtoto mmoja wa Chuno alinipiga mara tatu, karibu kama kutoka hapa hadi hapo mlangoni, na kizibao changu kikakaa kimya.

"Anko, huyu hafi," akalalamika.

Anko akapuliza filimbi. Akanivua kizibao, akakipeleka dirishani penye mwanga, akagusa kioo, akanusa kidole. Kisha akaitazama mikono ya nahodha. Wote tukaitazama, nami nimekikunja kidole changu ndani ya ngumi.

"Kizibao hiki amekupa nani?"

"Yeye," nikasema.

Wala sikusema uongo. Yeye ndiye aliyenipa. Miaka yote hii nimejitetea kwa neno hilo moja, na miaka yote limenitia aibu kuliko uongo wowote niliowahi kusema.

"Anko, mimi sijapaka kitu," alisema nahodha.

"Na mikono hiyo?"

Aliiangalia mikono yake, kisha akaniangalia mimi. Nikaangalia sakafu. Akavua kizibao chake, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya sanduku, akaenda kwao. Sanduku likaenda Chuno. Tangu siku hiyo watoto wakamwita Ganda, na jina hilo likamfuata mpaka darasa la saba. Gunia wakalisahau.

Kesho yake asubuhi nilitumwa kwa anko kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Nikamkuta mama yake nahodha amesimama kwenye geti, mikono ingali na majivu. "Baba, utusamehe," alikuwa akisema. "Mtoto ni wangu. Nimekosa mimi kumlea." Anko akasema yameisha, mwenyewe anafunga begi, anarudi kazini mchana ule. Mimi nikachukua mbuzi yangu, nikapita mbele ya yule mama, nikamwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Jioni kidole kilikuwa kimevimba, ngozi imebabuka, nami sikuweza kukificha tena. Bibi alikishika akakigeuza.

"Umechezea maganda?"

"Nilikuwa nakusaidia kubangua, bibi."

Bibi alijua vizuri kwamba sijawahi kubangua hata moja. Alinipaka mafuta ya nazi, akanifunga kitambaa. "Haya," akasema, "kama ni kunisaidia, ahsante."

Hakuniuliza tena. Ila tangu wiki ile, kila Ijumaa, alinipa bakuli la mihogo ya nazi nipeleke nyumba ya nyuma. "Kaa nao kidogo," alikuwa akisema. "Usirudi mbio." Nami niliweka bakuli kizingitini, nikabisha hodi, nikakimbia. Nilifanya hivyo mpaka nilipoondoka Mtwara kwenda sekondari, na kila niliporudi likizo bakuli lilinisubiri.

Sasa pagale limemaliziwa, limepakwa rangi ya machungwa, lina milango na viyoyozi. Mikorosho ya nyuma imekatwa. Siku ya arobaini wanawake walikuwa uani wanamenya vitunguu, na nahodha alikuwa miongoni mwao. Siku hizi ana genge la mboga Chuno, kwa wapinzani wetu wa zamani. Mikono yake imetakata. Nilikaa kando yake, nikachukua kisu, nikashindwa kumenya.

"Dada, ile siku ya kizibao," nikaanza. "Ni mimi niliyepaka."

"Najua," alisema, bila kuinua macho. "Bibi yako alikuja kwetu siku ile ile anko alipoondoka. Alitaka kutusafisha mbele ya watu. Mama akamkatalia, akasema mtoto akitangaziwa kosa lake ataishi nalo vibaya, bora aje aseme mwenyewe. Basi bibi akasema atakuwa anakutuma."

"Mama yupo?"

"Alishatangulia. Kila Ijumaa alikuwa anatandika mkeka. Tunakusikia unabisha, tukifungua hupo."

Nililia pale, na kwa bahati ilikuwa arobaini na vitunguu, hakuna aliyeshangaa. Nahodha alinisogezea ungo. Tulimenya mpaka vikaisha, akanisimulia habari za wanawe, nikamsimulia za wangu. Alasiri nilimfuata hadi kwake Chuno, nikakaa mpaka jua lilipoelekea kuzama. Kwa mara ya kwanza sikurudi mbio, na nyumbani hapakuwa na bibi wa kuona kwamba nimechelewa.