Watoto Mia na Thelathini na Sita

Mwalimu Tausi alizaliwa Nyasho, mjini Musoma, binti wa fundi cherehani. Alipopangiwa darasa la kwanza huko Suguti, kijiji cha kando ya ziwa, alidhani atakachoogopa ni upweke. Kumbe kilichomtia hofu ni darasa lenyewe: watoto mia na thelathini na sita katika chumba kimoja, watano kwa dawati, waliobaki sakafuni mpaka miguuni pake. Kuita majina kulimlia nusu ya kipindi, akaacha. Akawa anaangalia tu kama chumba kimejaa, na kila siku kilikuwa kimejaa.

Jumanne moja ya Machi, watoto wakiwa wameshatawanyika, alikuja mama mmoja anayeitwa Hilda, mikono ikinuka dagaa aliokuwa anawaanika.

"Mwalimu, Brenda wangu yuko wapi? Huyu hachelewagi."

"Ametoka na wenzake, mama."

"Wenzake wanasema hawajamwona tangu mapumziko."

Tausi alijaribu kuikumbuka sura ya Brenda. Haikuja. Mtoto aliyekuwa akimfundisha tangu Januari!

Walitafuta vyooni, wakatafuta kwenye mihogo, kisha wakakimbilia ziwani, mahali ambapo wiki iliyopita watu walikuwa wamemwona mamba. Kila kilichoelea kilimsimamisha Tausi moyo: gogo, kipande cha wavu, ndala moja ya mtoto. Hilda aliiokota ile ndala, akaigeuzageuza, akasema siyo ya Brenda. Hata hivyo hakuitupa. Tausi alitembea nyuma yake bila kuthubutu kumwangalia usoni.

Saa tisa mchana, Mwalimu Mkuu Mugeta alisikia kikohozi ndani ya stoo ya madawati mabovu. Brenda alikuwa amejibana humo, sketi imelowa.

Tausi akapiga magoti. "Kwa nini ulijificha, mwanangu?"

"Uliniambia nisome. Ukaniita Gati. Nikasema mimi siyo Gati, wakacheka. Mimi sijui kusoma, madam. Niliogopa utaniita tena."

Tausi hakukumbuka hata kidogo kama alimwita.

Kesho yake aliingia ofisini kwa Mugeta. Alitaka kuligawa darasa makundi manne ya watoto thelathini na wanne, mawili asubuhi, mawili mchana. Yeye angesomesha kundi moja ndani, na lingine lingehesabu mbegu barazani likisimamiwa na Hilda, aliyemaliza kidato cha nne na kukubali kujitolea. Baadaye wangebadilishana.

"Ratiba ya serikali haisemi hivyo," Mugeta alisema. "Afisa elimu akija akakukuta, mimi sikujui."

"Sawa, Mkuu. Atanikuta."

Alisema hivyo, lakini kila pikipiki iliyonguruma barabarani ilimfanya apoteze neno alilokuwa akilitamka. Aliendelea hivyo hivyo. Kila mtoto alikaa mahali pamoja pasipobadilika, jina lake limeandikwa kwenye kipande cha boksi. Kila siku mambo yalifuatana vilevile: majina, herufi, kisha kila mmoja kusoma mstari wake kwa sauti. Hakuna aliyerukwa. Wiki ya pili aligundua kwamba Brenda hakuwa mzito wa kuelewa. Alikuwa haoni ubao. Akamsogeza mbele.

Wiki ya tano, saa mbili kasoro, nafasi ya Samweli ilikuwa wazi. Zamani asingejua. Sasa ule uwazi ulimtazama kama jicho. Alimwachia Hilda watoto wote, akaenda mbio mpaka kwao. Wazazi walikuwa wamekwenda shamba wakidhani mtoto yuko shule. Kumbe homa ilimzidi, akabaki. Tausi alimkuta mkekani, macho yamegeuka, mwili unakakamaa kwa degedege. Alimbeba mgongoni hadi zahanati, akihisi joto lile likipenya gauni lake, akijiuliza kila hatua kama bado anapumua.

"Umewahi," mganga alimwambia. "Ungekuja mchana, sijui."

Samweli alipona.

Afisa elimu alikuja Juni bila taarifa. Alisimama mlangoni muda mrefu. Mtoto mmoja baada ya mwingine alisoma, Brenda akasoma mistari mitatu bila kukwama. Afisa akaandika, akafunga daftari, akaondoka. Kwa siku kumi na moja Tausi hakula akashiba. Ndipo barua ikaja: mpango uendelee kwa majaribio hadi mwisho wa mwaka.

Mwaka ukaisha. Januari waliandikishwa watoto mia na sitini na wawili, na kuhusu mwaka huo barua haikusema lolote.

"Mwalimu, hawa tutawaweka wapi?" Hilda aliuliza.

Tausi aliwatazama walivyosongamana uwanjani, asimjue hata mmoja.

"Tafuta mama mwingine anayejua kusoma," alisema. "Makundi yatakuwa matano."